Barua kwa Mwanangu Anayetaka Kuacha Chaki

Korogwe

Mwanangu mpendwa,

  

Nimesikia kwa wanawake wanaoleta matunda kutoka Muheza kwamba umeshanunua machungwa ya mashamba mawili yakiwa bado maua, na barua ya kuacha ualimu umeshaiandika. Nilipompigia mkeo, alinyamaza. Kwa nini niyasikie sokoni, mimi shangazi yako niliyekulipia ada kwa vitumbua? Nilitolewa shule darasa la nne ili baba yako aendelee kusoma, na sikudai kitu. Hili la kuambiwa mapema nalidai.

Sikukatazi kubadili kazi. Anayesema mtu afe na kazi aliyoanza nayo hakuishi Tanga. Sisi tulidhani mkonge hauna mwisho. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hazikufika hata 30,000. Kamba za plastiki zilienea duniani, bei ikaanguka, mashamba yakageuka msitu, na watu wazima wakabaki na ufundi usiotakiwa na mtu.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa korona, ule mtambo unaokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Alipoona mizigo ya majani inapungua, hakusema neno. Kila Jumamosi akitoka zamu alidandia lori mpaka Tanga mjini, kwenye gereji moja Ngamiani, akaoshe spana na kumshikia fundi taa chini ya gari. Hakulipwa hata senti. Mashati yale ya girisi niliyafua kwa manung'uniko. Shamba lilipopunguza watu, wenye magari walikuwa tayari wanamuulizia. Nyumba hii ninayokuandikia imejengwa kwa injini za watu.

Jirani yetu, fundi hodari kuliko mume wangu, alichukua kiinua mgongo chote akanunua mashua. Mtu wa milimani, Lushoto, baharini hajawahi hata kuoga. Hakujua bamvua wala maji mafu, wala hakujua kwamba chombo hutiwa kalafati kati ya mbao ili maji yasipenye. Akaajiri nahodha, naye akawa anauza samaki hukohuko majini, nchi kavu analeta mabaki. Mwaka haukuisha, mashua ilikuwa juu ya mchanga pale Sahare, mbao zimeachana unapitisha vidole. Watoto wake walikula kwangu. Kosa lake halikuwa kuacha korona, maana korona yenyewe ilishamwacha. Alitia fedha yake yote kwenye kazi ambayo hajaigusa kwa mikono yake.

Sasa wewe machungwa unayajua kwa kuyala. Umewahi kumfuata dalali anapozunguka mti, anahesabu matawi kimoyomoyo, anakisia yatakayopukutika kabla ya kuiva? Msimu ukikolea, kila shamba limeiva, wenye malori ya Kenya wanachagua wanavyotaka, na bei waliyokutajia wakati wa maua huioni tena. Matunda yanaozea chini ya miti, na mchumaji bado anadai ujira wake.

Halafu una miaka 12 kazini. Pensheni inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Utaondoka imebaki mitatu? Kila mwezi wewe unakatwa asilimia 5 na mwajiri anakuwekea 15; huko Muheza nani atakuwekea? Kuna likizo bila malipo pia, kaulize masharti yake kwa afisa utumishi, usiulize vijiweni.

Na mtaji ukipungua, usiguse mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kunyonya. Na mkeo asijue mambo yako kwa kukisia. Anakupikia, anastahili kujua.

Likizo ya Juni inaangukia katikati ya msimu. Nimeshazungumza na dalali mmoja wa zamani, rafiki wa marehemu. Atakuchukua uzunguke naye mashambani, upande miti, ubebe, ulale kwenye lori, mpaka mzigo upite mpakani Horohoro. Hatakulipa, na mimi ndiye niliyemwambia asikulipe. Hayo mashamba mawili atakwenda kuyatazama nawe, akwambie ukweli wa bei uliyotoa.

Barua yako usiipeleke kwa mwajiri kabla ya Julai. Msimu ukipungua, njoo na mkeo, mnieleze mmeamua nini.

Shangazi yako