Kanda Iliyokuwa Ikipumua

Jioni moja ya kiangazi, mwaka 1989, baba aliiweka redio kaseti yake juu ya kigoda chini ya mbuyu, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, cha kurekodi na cha kucheza, kisha akatuashiria watoto tunyamaze. Tulikuwa Yaeda Chini, alikofundisha shule ya msingi. Sisi ni Wairaqw wa juu, Mbulu, lakini utoto wangu ulipita huko bondeni, katikati ya watoto wa Kidatoga na wa Kihadzabe. Mbele ya kile kigoda walikaa akina mama wa Kihadzabe waliotoka kuchimba mizizi. Mmoja alianza wimbo, wenzake wakampokea, na kwa dakika 30, yaani upande mzima wa kanda, hakuna aliyekohoa.

Kesho yake tulipoisikiliza nyumbani, nilisikia jambo ambalo pale chini ya mbuyu halikuwapo. Kila waimbaji walipokata pumzi, upepo ulipanda. Nyenje walipanda, kengele za ng'ombe waliokuwa mbali zikapanda, vyote vikasogea karibu kana kwamba vimeitwa. Waimbaji waliporudi, upepo ukazama. Na pale mama mmoja alipopiga makofi karibu na redio, sauti zote zilididimia, kisha zikaibuka polepole kama mtu anayetoka majini. Nilimuuliza baba kulikoni. Akanijibu, "Mwanangu, kanda inapumua." Jibu hilo lilinitosha kwa miaka mingi.

Sababu niliijua ukubwani. Redio kaseti nyingi za wakati ule zilikuwa na sakiti iliyorekebisha yenyewe kiwango cha sauti: sauti ikizidi inaishusha, ikififia inaipandisha, ili anayerekodi asihangaike. Hiyo ni kompresa. Kazi yake ni kupunguza umbali kati ya sauti kubwa na sauti ndogo. Miaka ya 1930 vituo vya redio vilianza kuzitumia kompresa ili mlio wa ghafla usizidi uwezo wa mtambo wa kurushia matangazo, na baadaye studio za muziki zikazipenda kwa sababu zinamshika mwimbaji asipotelee chini ya ala.

Mwaka 2003 nilipokelewa kujifunza kazi katika studio ndogo ya Arusha. Ulikuwa wakati mzuri wa kuwa kijana katika mji ule. Mwaka uliofuata kundi la X Plastaz lilitoa albamu yake ya Maasai Hip Hop, na wengi wetu tukaanza kuamini kwamba sauti za kwetu, zile za kuimba bila ala, zinaweza kukaa juu ya biti. Kompyuta ya studio ilikuwa na ile programu ya Ubelgiji ya kutengenezea muziki tuliyoizoea kwa jina la Fruity Loops, ambayo mwaka huohuo wa 2003 iliitwa FL Studio, na ndani yake tulipachika plagini, zile programu ndogo zinazofanya kazi ya vyombo vya studio. Sikuwahi kushika kompresa ya chuma. Zangu zote zilikuwa picha kwenye skrini.

Nilifundishwa mambo manne. Kizingiti ni kiwango ambacho sauti ikikipita, inaanza kubanwa. Uwiano ni kiasi cha kubanwa: ukiweka 4 kwa 1, sauti iliyopita kizingiti kwa desibeli 4 inatoka ikiwa imekipita kwa desibeli 1 tu. Ataki ni muda ambao kompresa inachukua kukamata, na rilisi ni muda inaochukua kuachia. Baada ya hapo kilikuja kitufe cha kupandisha sauti iliyobanwa, na hicho ndicho kila mtu alikipenda. Wimbo ulitakiwa uvume kuliko wimbo wa jirani. Kanuni yetu ilikuwa moja: bana mpaka mshale wa kipimo cha sauti usicheze. Niliifuata kwa moyo wote kwa miaka karibu tisa, na ninakiri kwamba niliipenda, kwa sababu wateja walitoka mlangoni wakitabasamu.

Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walikabidhiwa hati za hakimiliki ya kimila za ardhi yao. Habari ile ilinirudisha nyumbani kwa mawazo, na mwaka uliofuata ikanirudisha kwa miguu. Niliteremka na kinasa sauti kidogo cha Zoom H4n, betri za akiba, na soksi ya kufunika maiki dhidi ya upepo. Niliomba kurekodi, wazee wakanichagulia nyimbo. Ngoma ya epeme, inayochezwa usiku usio na mwezi, taa zote zikiwa zimezimwa, sikuiomba wala sikuirekodi. Hiyo ni ibada. Nilipewa nyimbo za mchana, za kazini na za kubembeleza watoto, zeze likiwamo, na mrina asali mmoja alinipigia mluzi wake wa kumwita ndege anayeongoza watu kwenye mzinga. Kile kirekebishi cha sauti cha kujiendesha nilikizima, kwa kuwa niliikumbuka kanda ya baba, na vilele vya sauti niliviacha chini, karibu na desibeli 12 kabla ya ukomo.

Nikarudi Arusha, nikafanya nilichofundishwa. Kwa sauti za mbele nilichagua plagini iliyoiga 1176, kompresa aliyoitengeneza Bill Putnam wa Marekani mwaka 1967, inayosifiwa kote duniani kwa kuipa sauti nguvu. Nilibana, nikapandisha, nikafurahi. Miezi miwili baadaye niliipeleka kazi ile Yaeda Chini na spika ya betri.

Bibi aliyekuwa ameimba peke yake alisikiliza huku midomo yake ikifuata maneno. Katikati ya wimbo midomo ikasimama. Akasogeza sikio, akasubiri mpaka mwisho, akasema kwa Kiswahili ili nielewe vizuri, "Mtoto wa mwalimu, huyu anayeimba hana meno."

Sikubishana naye. Niliurudia wimbo usiku ule kwa hedifoni na nikamsikia huyo asiye na meno. Vidoko vilikuwa vimekatwa. Katika Kihadza kidoko si pambo la maneno. Ni konsonanti kamili kama p au k, na kikibadilika, neno limebadilika. Ulimi unanyonya hewa kidogo, unaachia, na mlio unakwisha ndani ya milisekunde chache, mkali mara nyingi kuliko irabu inayoufuata. Kiiraqw changu hakina vidoko, lakini kina herufi kavu zinazopasuka kooni na pembeni mwa ulimi, na nazo, nilipozitafuta katika kazi zangu za zamani, nilizikuta zimelainishwa vilevile.

Nikasoma vitabu vya maelekezo ambavyo kwa miaka tisa sikuvisoma. Ataki ya 1176 inaanzia mikrosekunde 20 na ukomo wake wa ucheleweshaji ni mikrosekunde 800, yaani haifiki hata milisekunde 1. Tena kitufe chake kinakwenda kinyume na nilivyodhani: ukikizungusha kulia, inakuwa ya kasi zaidi. Kwa hiyo hata ningeichelewesha kiasi gani, kila kidoko kingekamatwa. Na hasara ni mbili: kidoko kinapigwa, kisha kwa kuwa kompresa bado haijaachia, irabu iliyo nyuma yake nayo inadidimia. Ilikuwa ni makofi yaleyale ya mwaka 1989, safari hii ndani ya kila neno. Kompresa ya aina ya LA-2A, ambayo ataki yake ni kama milisekunde 10, ingemhurumia zaidi bibi yule.

Tangu hapo kila plagini mpya inayonifikia naipimia sauti zilezile za bonde, sekunde 40 tu: bibi peke yake, kisha kundi, kisha zeze, mwisho mluzi wa mrina asali. Kwanza nasawazisha ukubwa wa sauti iliyobanwa na isiyobanwa, maana sikio huipenda ile kubwa hata kama tofauti ni ya desibeli 1. Bila hatua hiyo unapima kelele, hupimi kompresa. Vidoko vinanionyesha ataki. Kundi linanionyesha rilisi: upepo ukipanda watu wanapovuta pumzi, kompresa inaachia upesi mno. Mluzi ni mlio mmoja mnyoofu usio na pa kujificha. Ukitetemeka au ukikwaruza, plagini ina kasoro ndani, vyovyote inavyopendeza kwenye skrini.

Plagini iliyonifundisha zaidi hailipiwi katika toleo lake la kawaida: Kotelnikov ya Tokyo Dawn Labs, iliyopewa jina la mwanasayansi wa Urusi ambaye mwaka 1933 alionyesha kimahesabu jinsi wimbi linavyoweza kuhifadhiwa kwa sampuli bila kupotea. Haiongezi utamu. Anayetaka joto la kompresa za zamani halipati humo. Lakini ina rilisi mbili, moja ya vilele vya ghafla na nyingine ya kiwango cha wastani, na kwa lugha ya vidoko huo ni msaada mkubwa: kidoko kikipita inaachia mara moja, irabu inabaki mahali pake, huku mwendo wa jumla wa sauti ukiendelea kushikwa taratibu.

Tena ina kitufe kinachoitwa delta. Ukikibonyeza husikii wimbo. Unasikia kile tu ambacho kompresa imekiondoa. Siku ya kwanza niliweka makusudi mipangilio yangu ya zamani, ataki ya kasi, uwiano mkali, nikabonyeza delta, nikavaa hedifoni. Vidoko vya bibi vilinijia vyenyewe, kavu, kimoja baada ya kingine, bila wimbo na bila mwimbaji. Nilikaa nikivisikiliza mpaka sekunde 40 zikaisha. Miaka yote nilikuwa naulizwa kompresa hii inaipa nini sauti. Swali langu sasa ni inachukua nini, na kama mwenye sauti angekubali kitoke.

Swali hilo lina maana leo kwa sababu sasa kubana kunakuja baada ya kurekodi. Faili la asili linabaki lilivyo, na plagini ikikosea unaiondoa kwa kubofya mara moja. Hata mashindano ya uvumaji yamepungua nguvu, kwa kuwa mitandao kama Spotify huushusha wimbo uliovuma kupita kiasi ukalingane na wenzake, karibu na kipimo cha uvumaji cha LUFS 14 chini ya ukomo. Kazi ya bibi niliirudia, safari hii vidoko vikiwa vimepita salama, nikaipeleka kwa watu wake pamoja na mafaili ya asili ambayo hayajaguswa, katika kadi ya simu, ili atakayekuja na sikio zuri kuliko langu aanze upya.

Kanda ya baba ninayo bado. Nimeihamishia kwenye kompyuta na nimejaribu kuinyoosha kwa mkono, neno kwa neno, nikipandisha kila sauti ilipodidimia. Nikipandisha waimbaji, upepo unapanda nao, na mkwaruzo wa kanda unapanda juu ya vyote. Redio ile ilibana mlangoni, kabla sauti haijaingia ndani, na haikubakiza asili ya kurejea. Yule mama aliyepiga makofi karibu na redio alikuwa katikati ya ubeti. Neno aliloimba mara baada ya makofi yale sijalisikia mpaka leo.