Vielelezo vya Vyombo Vyetu

Utamaduni wa taifa hauishi katika ngoma na hadithi peke yake. Unaishi pia katika vitu vilivyotengenezwa kwa mikono ya watu, na katika namna watu wanavyovikumbuka vitu hivyo baada ya kutoweka. Katika pwani yetu ya kusini, kutoka Kilwa hadi Lindi, chombo cha bahari ndicho kilichobeba maisha: samaki, chumvi, boriti, mtama, bibi harusi, na maiti pia. Basi yafaa tuulize: chombo kikiisha kuoza, ni nani atakayekisemea? Mara nyingi husemewa na kielelezo chake kidogo. Kwa sababu hiyo, mwenye kutengeneza kielelezo amebeba amana ya shahidi, naye hana budi kusema kweli.

Desturi ya kuweka mfano wa chombo ni ya kale katika nchi hii. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, ziko picha za vyombo zilizochorwa kwa kukwaruza lipu ya chokaa. Waliozichora hawakutumia rula. Hata hivyo walionyesha mlingoti, tanga na kamba, kwa kuwa hayo ndiyo waliyoyaona kila siku walipotazama bahari. Wataalamu wa mambo ya kale wamezisoma picha hizo kama mtu asomavyo barua ya jamaa aliye mbali.

Mtoto wa pwani huanza ufundi huu kabla hajajua kuandika vizuri. Huchukua kipande cha mti mwepesi, akakichimba tumbo, akakitia matengo ya vijiti pande mbili, akatundika tanga la kitambaa kikuukuu, kisha akakishusha majini. Ngalawa yake yaweza kuwa fupi mno au pana mno, lakini maji hayamwonei haya. Tengo moja likiwa zito kuliko la pili, chombo hulala upande. Mlingoti ukizidi urefu, hupinduka. Mtoto hurudi mchangani, akapunguza hapa na kuongeza pale, na wazee wanaoshona nyavu kivulini humcheka, kisha humwelekeza. Hivyo kielelezo chake kina waamuzi wawili, bahari na wazee, na wote wawili ni wakali.

Uko mchezo mwingine unaofanana na huo, nao umeenea duniani kote: ndege za plastiki zinazouzwa vipande vipande katika maboksi, zikaunganishwa kwa gundi na kupakwa rangi. Kipimo chake huandikwa waziwazi juu ya boksi: 1:48, 1:72 au 1:144. Chukua ndege aina ya Boeing 787-8, kama ile ambayo Tanzania iliipokea mwezi Julai 2018. Urefu wake ni karibu meta 57. Kwa kipimo cha 1:144 huwa sentimita 39 na kitu. Hapo hesabu ya darasani hupata uhai, kwa maana kosa la milimita 1 katika kielelezo ni kosa la zaidi ya sentimita 14 katika ndege yenyewe. Wapenzi wa mchezo huu hubishana vikali juu ya pua iliyonenepa kidogo au dirisha lililokaa pasipo pake. Wako wanaowacheka, mimi siwacheki. Ndege ya plastiki hairuki, wala haina bahari ya kuihukumu. Mwamuzi wake ni mmoja tu, nalo ni jicho la ajuaye.

Jicho hilo hutazama umbo, kisha hutazama alama. Ndege yetu hujulikana kwa herufi 5H zinazotangulia usajili wake, na kwa twiga wa shirika letu la ndege, lililoundwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Alama za ndege za plastiki huja zimepigwa chapa juu ya karatasi. Hulowekwa majini, zikabanduka, zikabandikwa mahali pake. Ni kazi ya subira. Badili 5H iwe 5Y, na ndege imehamia Kenya kabla haijavuka mpaka. Umbo hutueleza kitu hiki ni cha namna gani. Alama hutueleza ni cha nani.

Sasa turudi kwenye vyombo vya bahari, maana huko ndiko kwenye hasara yetu. Katika ofisi moja nilipata kuona jahazi dogo la mbao juu ya kabati, limepigwa vanishi likang'aa. Mlingoti wake ulisimama wima kama wa bendera, ilhali mlingoti wa jahazi huinamia omo. Demani ilifungwa mbele, kana kwamba upepo hupokea amri ya fundi. Mahali pa jina na namba ya usajili palichorwa mnazi na jua linalokuchwa. Mtu atasema: pambo ni pambo, lina madhara gani? Madhara yake hayaonekani leo, kwa kuwa majahazi ya kweli yangalipo na yeyote aweza kwenda kulinganisha. Yataonekana siku ambayo hapatakuwa na la kulinganisha nalo.

Siku hiyo imekwisha kukifika chombo kimoja cha pwani hii, nacho ni mtepe. Mtepe ulijengwa na Wabajuni wa visiwa vya Lamu. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za kumbi la nazi, tanga lake lilikuwa la mkeka uliosukwa, na omo yake iliinuka kama shingo ya ngamia, ikiwa na macho yaliyochorwa pande zote mbili. Ulibeba boriti na mizigo mingine katika bahari yetu kwa karne nyingi, kisha ukatoweka katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Mwaka 2003 mtepe mkubwa ulipojengwa upya huko Zanzibar ili uwekwe katika Beit-al-Ajaib, mafundi hawakuwa na mtepe hai wa kuupima. Iliwabidi wategemee vielelezo vidogo, picha na maelezo yaliyosalia. Fikiri, ndugu msomaji: lau mchongaji wa zamani angaliacha macho kwa uvivu, au angalitia misumari mahali pa kamba ili amalize upesi, kosa lake lingalipanda katika mtepe mkubwa na kuitwa historia. Nalo jengo la Beit-al-Ajaib liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Hata nyumba ya kuhifadhia kumbukumbu yahitaji kukumbukwa mahali pengine.

Majahazi ya Kilwa na Lindi hayajafika huko, lakini boti za faiba zinazidi kuonekana fukweni. Silaumu jambo hilo. Mvuvi hutafuta chombo kitakachomfaa. Ila boti inayotoka katika kalibu haina haja ya fundi wa kutia kalafati, wala ya deheni ya chokaa na mafuta. Kazi ikiondoka, jina lake nalo huondoka. Mkuku, mataruma, foromali, dasturi, henza: maneno haya hayakutungwa na kamati, yalitoka midomoni mwa watu waliokuwa na patasi mkononi. Mwanafunzi atakayeyakariri kutoka katika kamusi bila kuona kitu chenyewe atakuwa ameshika ganda la dafu lisilo na maji.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa shule zetu za pwani wafanye jambo jepesi. Wawapeleke vijana mahali vyombo vinapojengwa au kutengenezwa, wakiwa na kamba ya kupimia na daftari. Wapime urefu, upana na kina. Jahazi la meta 12 kwa kipimo cha 1:20 litakuwa la sentimita 60, kiasi cha kutosha meza ya darasa. Waandike kila sehemu kwa jina lililotajwa na fundi, hata likiwa tofauti na la kitabuni. Wanakili jina la chombo, namba yake na rangi zake, na wamwulize nahodha kwa nini alichagua hizo. Mwishowe waandike tarehe chini ya kielelezo. Kazi ya namna hii hufundisha hesabu, lugha na historia kwa wakati mmoja, na zaidi ya yote hufundisha uaminifu.

Nami, kwa kuwa ni mtunzi, nayaweka hayo katika ubeti mmoja:

Chombo kidogo ni neno, chasema bila mdomo,
Kikikosewa mfano, hupotea lake somo,
Shika uzi kwa mkono, pima tezi hata omo,
Kizazi kisome humo, ya baharini maono.