Mstari Uliokunjwa

Nilipofika mwisho, mwisho ulikuwa umeshakunjwa. Lile tao la plastiki lililojazwa upepo, ambalo alfajiri tulipiga picha chini yake, lilikuwa limelala mchangani na vijana wawili wakilikanyaga ili hewa iishe. Meza ya maji ilikuwa imeondolewa. Kwenye mahema kipaza sauti kilikuwa kinataja majina ya washindi, watu wakipiga makofi, wote wamenipa mgongo. Nikavuka mahali palipokuwa na mstari, nikabonyeza saa ya mkononi, nikasoma muda wangu: saa 2, dakika 38. Mlinzi wa getini akanisogelea kwa heshima.

"Shikamoo mama. Kuna mtu unamtafuta?"

Namba yangu ya ushiriki ilikuwa imeandikwa mkononi kwa wino mweusi, kubwa kama kiganja. Hakuiona, au aliiona na haikumwingia akilini kwamba ni yangu.

Lilikuwa shindano dogo la traiathloni katika mji mmoja wa pwani. Mwendo wenyewe ni ule mfupi: unaogelea mita 750, unapanda baiskeli kilomita 20, unashuka na kukimbia kilomita 5, mfululizo. Nilikuwa na miaka 43 na kilo 106. Tulianza saa moja asubuhi, na kabla ya saa mbili na nusu washindi walikuwa wameshakunywa soda. Mimi wakati huo nilikuwa bado juu ya baiskeli. Nilianza kukimbia jua likiwa limeshakomaa.

Wenye kasi hawalijui jua hilo, wala siwalaumu, kwa sababu wao humaliza kabla halijapanda. Sisi wa nyuma ndio tunaobaki nalo. Mwili mkubwa hutengeneza joto jingi kwa kila hatua, lakini ngozi ya kulitolea nje haiongezeki kwa kiasi kilekile. Katika hewa nzito ya pwani jasho nalo halikauki, linatiririka tu bila kukupoza. Kwa hiyo anayekaa barabarani muda mrefu kuliko wote, tena katika joto kali kuliko wote, ndiye anayekuta meza ya maji imeondolewa. Jambo hilo bado linaniuma, na nadhani linastahili kuniuma.

Siku ile sikulia. Nililia Jumatano, ofisini, nikilinganisha hesabu za benki. Kisha nikaisukuma baiskeli hadi stoo, nikaegesha mbele yake gunia la mkaa, na kwa miezi miwili sikuigusa.

Nieleze nilitoka wapi. Nilikulia Singida. Mji wetu una maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai, lakini hakuna aliyetufundisha kuogelea. Maji yalikuwa kitu cha kutazamwa kutoka juu ya mawe. Nilihamia Dar es Salaam kikazi, nikaishi miaka 15 karibu na bahari bila kulowanisha zaidi ya magoti. Nilipofika miaka 41 presha ilipanda, daktari akaniandikia vidonge na akaniambia nitafute zoezi ambalo halitaumiza magoti. Ndivyo nilivyojikuta nimeshikilia ukingo wa bwawa, nikiwa mtu mzima pekee katikati ya watoto wa darasa la tatu.

Mwalimu wangu alikuwa kijana mpole wa Tanga. Wiki ya kwanza nilipigana na maji kama mtu anayefukuza nyuki. Wiki ya pili akanishika kisogo kwa vidole viwili, akasema, "Mama, mwili wako unaelea wenyewe. Kinachokuzamisha ni shingo." Alikuwa sahihi. Ukiinua kichwa, nyonga na miguu hushuka. Ukiulaza uso ukatazama chini, miguu hupanda. Mafuta ya mwili ni mepesi kuliko maji, na katika maji ya chumvi huelea zaidi. Nikalaza uso, nikatoa pumzi majini, na kwa mara ya kwanza tangu nilipovunja ungo mwili wangu ukasifiwa kwa kile ulichokuwa. Watu wembamba katika bwawa lile walikuwa wanahangaika miguu isizame. Yangu ilikuwa imelala juu ya maji kama majani ya yungiyungi.

Baiskeli ilikuwa shule nyingine. Spoku za gurudumu la nyuma zilikatika mara tatu ndani ya mwezi mmoja, hadi nikaanza kuamini kwamba chombo chenyewe kinanikataa. Fundi wa mtaani kwetu alilizungusha lile gurudumu, akazihesabu spoku, akasema hizi ni chache, gurudumu hili limetengenezwa kwa mtu wa kilo 60. Alinitengenezea jingine lenye spoku 36 na tairi pana kidogo. Mpaka leo haijakatika hata moja. Nguo nazo: hakuna duka lililokuwa na saizi yangu, ikabidi nimpelekee fundi cherehani wa Kariakoo kitambaa cha kuvutika, akanishonea suti ya kubana yenye zipu mbele. Mapajani, kwapani na chini ya sidiria napaka mafuta ya mgando mpaka yang'ae, maana chumvi na jasho hukwangua ngozi. Naandika haya kwa urefu kwa sababu nimeona wanawake wengi wa umbo langu wakiacha mazoezi na kusema wamekosa ari, kumbe walichokosa ni gurudumu lenye spoku za kutosha na mafuta ya mgando.

Hata hivyo mimi gurudumu nilikuwa nalo, na bado niliacha.

Mwezi wa pili wa kuacha, baba yangu akapiga simu. Ni mwalimu mstaafu. Nilikuwa nimemsimulia habari ya tao, na alikuwa ameitafakari. Akanikumbusha John Stephen Akhwari wa Mbulu, ambako si mbali na kwetu, aliyeiwakilisha Tanzania kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968. Alianguka njiani, goti likaumia, likafungwa bandeji, akaendelea. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, na yeye akawa wa 57, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Giza lilikuwa limeingia na wengi wa watazamaji walikuwa wameshaondoka. "Na nani hamjui Akhwari?" baba akauliza. "Wewe uliogopa nini?"

Nilimshukuru. Nampenda Akhwari kama kila Mtanzania anavyompenda. Lakini nilipokata simu nilibaki na jambo ambalo sikuweza kumwambia baba. Akhwari hakuwa mkimbiaji wa taratibu. Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alishika nafasi ya tano katika marathoni kwa saa 2 na dakika 15. Alikuwa mtu mwenye kasi aliyepatwa na ajali, na heshima yake ni kwamba hakuiacha ajali imrudishe nyumbani. Mimi sikuanguka. Siku ile niliogelea bila woga, sikupata pancha, nilikimbia vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Na bado nikawa wa mwisho. Kwake kuchelewa kulikuwa jambo la siku moja. Kwangu ndiyo kasi yangu, Jumatatu hadi Jumapili. Simulizi yake inamwinua aliyeanguka, lakini mtu aliyefanya vyema kabisa, kisha vyema vyake vikakuta uwanja mtupu, afanye nini?

Swali hilo lilinikosesha usingizi siku kadhaa, na jibu lake halikuwa la kujivunia. Niligundua kwamba nilikuwa nafanya mazoezi kama mtu anayelipa deni. Kila kilomita ilikuwa marejesho. Kila Ijumaa nilipanda mzani wa bafuni kuangalia deni limepungua kiasi gani, na mwaka mzima lilipungua kilo 2. Moyoni nilikuwa nimeahidi kwamba nitaanza kuwa mwanamichezo siku nitakapokuwa mwembamba, na kwamba mpaka hapo ninaomba radhi kwa kuwepo barabarani. Ndiyo maana swali la mlinzi lilinivunja. Alisema kwa sauti kile nilichokuwa ninakiamini mwenyewe.

Mtu anayelipa deni lisilopungua huacha kulipa. Hakuna ari ya kumwokoa, hata umsomee simulizi za mashujaa usiku kucha.

Ule mzani nilimpa jirani anayefuga kuku, apimie chakula chao. Kipimo cha presha sikukiacha, na kliniki nahudhuria. Afya yangu nailinda na nina sababu ya kuilinda. Lakini mazoezi niliyaondoa kwenye daftari la madeni. Nikanunua kaunta buku nyembamba na kuweka sharti moja: naandika nilichofanya na nilichokiona, kasi siandiki. "Mita 600. Konyeza wengi, wamenichoma mkono." "Kigamboni kwenda na kurudi, upepo wa kusi usoni, nimempita kijana mmoja mwembamba kwenye tambarare." Hilo la mwisho nililipigia mstari, kwa sababu nimejifunza kwamba kwenye baiskeli uzito huniadhibu zaidi mlimani. Kwenye tambarare anayeamua zaidi ni upepo na nguvu za mapaja, na mapaja ninayo.

Katika miezi hiyo nilisoma habari za mtawa wa Marekani, Madonna Buder, aliyemaliza traiathloni ndefu ya Ironman mwaka 2012 akiwa na miaka 82. Hiyo ni kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na 42.2 za kukimbia, na ukizidisha saa 17 huhesabiwi. Yeye alitumia zaidi ya saa 16, karibu mara mbili ya washindi. Huyu ndiye niliyekuwa namtafuta bila kumjua. Kasi yake haikuwa ajali. Aliingia majini asubuhi akijua kwamba, mambo yakienda sawasawa, atamaliza usiku. Aliupangia usiku kama mwingine anavyoupangia ushindi.

Nami nikaanza kuupanga mwendo wangu ulivyo. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alifundisha watu kwa miaka mingi kukimbia na kutembea kwa zamu tangu hatua ya kwanza, kabla ya kuchoka. Zamani nilikuwa nakimbia mpaka nishindwe, ndipo nitembee kwa aibu. Sasa nahesabu nguzo za umeme: tatu nakimbia, moja natembea. Watoto wa njiani hunifuata wakiita, "Bonge! Bonge!" Mmoja wao, wa miaka kama saba, aliwahi kukimbia nami nguzo zote tatu, tulipofika ya nne akapunguza mwendo na kutembea kando yangu bila kuuliza. Alikuwa ameshaielewa hesabu.

Nilipotaka kushiriki tena, niliwapigia simu waandaaji wa shindano lingine kabla ya kujisajili. Nikauliza: "Mtakaa mpaka saa ngapi?" Kulitamka swali hilo kulinigharimu kuliko kuogelea. Aliyepokea alinyamaza, akauliza ninatarajia kutumia muda gani, nikamwambia ukweli. Akasema watakaa saa tatu kamili tangu kuanza, na wakaiandika kwenye tangazo, ili kila mtu aijue. Baadaye niliambiwa watu wengine wanne walijisajili baada ya kuiona ile saa. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 31. Tao lilikuwa limesimama. Maji yalikuwepo, ya baridi.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Nina kilo 101, vidonge vya presha vimepungua kutoka viwili hadi kimoja, na tangu siku ile nimekuwa wa mwisho mara mbili. Jumamosi huogelea na wenzangu katika ghuba ya Msasani, tukifuata maji badala ya saa ya ukutani: yakipwa tunakanyaga mawe, kwa hiyo tunasubiri yajae. Kaunta buku ya kwanza imejaa. Ya pili iko hapa mezani ninapoandika.

Kesho maji yatajaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Bamvua imepita juzi, mkondo hautakuwa mkali. Baiskeli nimeijaza upepo, suti inakauka kambani, na mafuta ya mgando nimeyaweka juu ya mfuko, pembeni ya miwani, nisije nikayasahau gizani.