Kibanda cha Kimya Kando ya Ziwa Elmenteita

Mkulima hujenga dungu shambani ili ndege wamwone, wamsikie na kukimbia. Lakini kuna kibanda kingine kijengwacho kwa shabaha iliyo kinyume kabisa: mtu aingie ndani, na ndege wamsahau. Hicho ndicho kibanda cha mpiga picha za ndege, na ufuo wa Ziwa Elmenteita ni mahali pafaapo sana kujifunza faida yake na hatari yake.

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru huvuka Gilgil, na baada ya mwendo mfupi huliona ziwa hilo chini ya barabara, upande wa kushoto. Maji yake ni ya magadi, na kina chake ni kifupi. Ng'ambo yake kuna kilima kinachofanana na mtu aliyelala chali, nacho huitwa Shujaa Aliyelala. Upande wa kusini zinabubujika chemchemi za maji moto za Kekopey, na ziwani mna visiwa vidogo vya mawe. Mwaka 2011 ziwa hili, pamoja na Nakuru na Bogoria, liliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Visiwa hivyo vimekuwa nyumba ya uzazi. Zamani walitaga humo heroe wakubwa, ndege wa miguu mirefu na mabawa ya rangi ya waridi, ambao wengi huwaita flamingo. Jike hutaga yai moja tu, na wazazi wote wawili hulilalia kwa zamu muda wa siku 28 hivi. Katika mwaka 1957 kongoti walishuka visiwani humo. Hawakuwa wengi, lakini hofu yao ilitosha: heroe kwa maelfu waliinuka na kuyaacha mayai yao. Habari hizo ziliandikwa na Leslie Brown, ofisa wa kilimo wa Kenya aliyewachunguza ndege hao kwa bidii kubwa. Baadaye perege walitiwa katika Ziwa Nakuru ili wale viluwiluwi wa mbu. Mwari, wale ndege wenye mfuko chini ya mdomo, wakapata chakula tele, na tangu mwaka 1968 wakaanza kuzaa katika visiwa vya Elmenteita.

Basi, mtu aendaye visiwani na kamera yake bila hadhari ana tofauti gani na kongoti? Ndege akiinuka kwa hofu, jua kali hulipiga yai, na mla mayai hupata nafasi yake. Kwa sababu hiyo mpiga picha mwenye busara huviacha visiwa wakati wa kutaga. Hupata ruhusa kwanza, kisha huweka kibanda chake ufuoni, karibu na mahali maji matamu yaingiapo ziwani, kwa kuwa ndege hufika hapo kunywa na kuoga.

Kibanda chenyewe si kitu cha gharama. Nguzo nne na turubai la rangi ya udongo hutosha. Upana meta moja, na kimo meta moja na nusu. Yapasa turubai livutwe sana, kwani kitambaa kinachopepea huwatisha ndege kuliko mtu aliyesimama. Siku ya kwanza huwekwa mbali, kisha husogezwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Katika tundu la kamera hutiwa chupa tupu, ili ndege wazoee jicho lile la kioo kabla kamera haijafika. Siku ya kazi watu wawili huenda pamoja. Mmoja huingia, mwingine hurudi akionekana wazi. Ndege, wasiojua hesabu, hudhani kwamba hatari imekwisha ondoka.

Ujanja wa namna hii ni wa siku nyingi. Karibu na mwaka 1900 ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, walitengeneza ng'ombe wa bandia, mwenye ngozi na pembe, na mpiga picha akajificha tumboni mwake. Cherry alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1909 na kupiga picha za wanyama wa nchi hii.

Aliyemo kibandani huingia alfajiri, na hukaa juu ya kigoda kwa saa nyingi, katika joto, bila kukohoa wala kuvuta sigara. Ujira wake ni kuona mambo ambayo mpita njia hayaoni. Heroe huja hatua kwa hatua, huinamisha shingo, hugeuza kichwa juu chini, na kuchuja chakula kwa mdomo wake uliopinda. Makinda ya kijivu hufuata nyuma ya wakubwa. Sauti za kundi zima husikika kana kwamba ni soko lililo mbali.

Lakini picha njema haisemi ilipatikana kwa njia gani. Ndege wakikataa kurudi baada ya kibanda kusogezwa, hapana budi kukirudisha nyuma, hata kama siku yote itapotea. Mpiga picha aweza kuja tena kesho. Heroe aliyetaga yai moja hana la pili la kungojea. Subira hiyo ndiyo inayomtenga mgeni mwema na kongoti.