Kanyabayonga: Je, mtu anaweza kujijengea ndege nyumbani?

Huko Kanyabayonga, kusini mwa wilaya ya Lubero, sauti ya ndege imekuwa sauti ya hofu. Mwisho wa Juni 2024 mji uliingia mikononi mwa waasi wa M23, na wakaaji wengi wakashika njia ya Kayna, Kirumba, Lubero hadi Butembo. Tangu hapo, mlio ukisikika angani, mama anamshika mtoto mkono kwanza, ndipo anainua macho. Lakini watoto hawajaacha kutengeneza ndege zao za waya na mabua ya mahindi. Mtoto kama huyo akiuliza kama mtu wa kawaida anaweza kujenga ndege ya kweli nyumbani kwake, asichekwe. Apewe jibu.

Jibu ni ndiyo. Huko Marekani na Ulaya, maelfu ya watu wasio na kiwanda wamejenga ndege katika garaji zao. Wengi hununua vifaa vilivyokatwa tayari, vikafika ndani ya masanduku pamoja na ramani na kitabu cha maelezo. Kuna hata ndege ndogo za mabawa mawili, bawa moja juu ya lingine. Mabawa hayo hushikwa na vijiti vya kusimama na waya zilizokazwa, yakawa kama sanduku moja: mepesi, lakini yenye nguvu. Baadhi ya ndege za namna hiyo hazifiki kilo 300 bila mtu wala esansi. Kuijenga huchukua mamia ya saa, na kwa wengine zaidi ya 1,000.

Kazi zenyewe si ngeni kwa mafundi wa Lubero. Seremala angetambua mbao nyembamba za bawa. Mchomeleaji angetambua mabomba ya chuma ya kiwiliwili. Mshonaji angetambua kitambaa kinachovishwa juu ya bawa, kikakazwa kwa pasi ya moto, kikashonwa kwenye mbavu zake na kupakwa rangi maalumu. Fundi wa pikipiki angeielewa injini baada ya siku chache.

Tena ndege ya kwanza ya injini iliyoruka ikiongozwa na mtu ilitoka mikononi mwa watengenezaji wa kinga. Wilbur na Orville Wright walikuwa na duka la kinga mjini Dayton, Marekani. Fundi wao, Charlie Taylor, ndiye aliyeunda injini. Ndege yao ilikuwa ya mabawa mawili, ya mbao na kitambaa, na minyororo kama ya kinga ilizungusha mapanga yake. Tarehe 17 Desemba 1903 iliruka sekunde 12 tu, umbali wa mita 36 hivi. Siku hiyo hiyo, mara ya nne, ilikaa hewani sekunde 59.

Watu wengi wanakumbuka sekunde hizo na kusahau miaka iliyozitangulia. Ndugu hao walianza na tiara mwaka 1899. Wakajenga ndege zisizo na injini, na moja ikawaletea aibu kwa sababu haikuinuka kama hesabu za vitabu zilivyosema. Mwaka 1901 wakatengeneza sanduku la mbao, wakaweka feni upande mmoja, wakapima ndani yake mabawa madogo ya namna 200 hivi. Walipokuja kuweka injini, walikuwa tayari wanajua bawa lao litabeba uzito gani.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake. Ndege za mabawa mawili aina ya Moth, za mbao na kitambaa, zilizunguka Kenya tangu miaka ya 1920, na kampuni ya Wilson Airways ilianzishwa Nairobi mwaka 1929. Wenyeji hawakubaki watazamaji siku zote. Mwaka 2010 Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta nchini Kenya, alijulikana kwa kujenga ndege nyumbani kwake, akaitilia injini ya gari ya Toyota. Mwaka 2011 Chris Nsamba wa Uganda alionyesha dunia ndege aliyokuwa akiijenga na wenzake wa kujitolea katika ua wa mama yake mjini Kampala. Kuna waliowacheka. Lakini hao wawili hawakuwa na sanduku lenye vifaa na maelezo. Walianzia mbali kuliko Mmarekani anayefungua sanduku lake garajini.

Kwa maana thamani ya sanduku hilo si mbao wala bomba. Ni hesabu: mtu mwingine ameshapima uzito, ameshajua injini iwe mbele kiasi gani, ameshajaribu bawa mpaka likavunjika. Hata hivyo mjenzi haaminiwi peke yake. Huko Uingereza mkaguzi huja kuangalia mbavu za bawa kabla hazijafunikwa kitambaa, maana likishafunikwa kosa halionekani tena.

Hapo ndipo ndege inapoachana na chukudu. Mchonga chukudu anaweza kupima kwa jicho. Akikosea, gurudumu litaegemea upande, viazi vitamwagika mtelemkoni, kesho atarekebisha. Kosa la ndege linaonekana watu wakiwa juu. Na milima ya Lubero inaongeza ugumu: kadiri unavyopanda, hewa inapungua nguvu. Injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kila mita 300. Ndege inayopaa vizuri kando ya bahari inaweza kukimbia uwanja mzima wa Rughenda, pale Butembo, bila kuinuka.

Kwa hiyo kijana wa Kanyabayonga asidanganywe kwamba moyo wa bidii unatosha. Wala asijaribu kurusha chochote sasa. Kuruka kunataka ruhusa ya serikali, na katika eneo la vita kitu kisichojulikana angani kinaweza kupigwa risasi, au kuwakimbiza tena watu waliokwisha kukimbia mara tatu.

Lakini kupima hakuombi ruhusa. Sanduku la mbao, feni, mizani ya dukani na kipande cha karatasi ngumu kilichokunjwa kama bawa vinatosha kuanza. Mwalimu anayefundisha watoto wa wakimbizi chini ya turubai anaweza kufanya hivyo: pindisha bawa kidogo, soma mizani, andika. Pindisha tena, soma, andika. Mtoto atajifunza hesabu, na atajifunza pia kwamba kinachoinua ndege ni hewa na kipimo. Nyumba imebaki nyuma, mbuzi na shamba pia. Daftari lenye vipimo vyake linaingia ndani ya mfuko, likabebwa mpaka Butembo, na siku ya kurudi likarudishwa Kanyabayonga.