Bluu na Nyekundu, Deki Niliyoambiwa Siiwezi

Kuna kaka mmoja kwenye kundi letu la Jumamosi, jina simtaji, anajijua, na hii ataisoma mpaka mwisho. Aliniambia mbele ya watu: "Sister, wewe baki na nyekundu tupu. Rangi mbili zitakuchanganya." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kutaka yaishe. Mwenzenu sikujibu. Pale barazani mwanamke nilikuwa peke yangu, na nilijua chochote nitakachosema kitaitwa hasira.

Yeye mwenyewe anacheza rangi tatu.

Kwa wasioelewa naongelea nini: ni Magic: The Gathering, mchezo wa kadi uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield na kutoka mwaka 1993. Deki ni kadi zako zisizopungua 60 (nyumbani kwetu ukitaja deki unapewa ndoo na tambara, kwa hiyo huwa nasema "karata" tu). Kila mchezaji anaanza na uhai 20, na kazi yako ni kuumaliza wa mwenzio. Rangi zipo tano: nyeupe, bluu, nyeusi, nyekundu na kijani. Nyekundu ni moto na haraka. Bluu ni akili na roho mbaya, inazuia kadi ya mwenzako kabla haijafanya kitu. Kuziunganisha hizo mbili wachezaji wanaita Izzet, jina lililotoka kwenye mji wa kubuni wa Ravnica.

Na niseme ukweli, nyekundu tupu siyo deki ya watoto. Inafunga watu kila siku. Kilichoniuma ni ile sauti aliyosemea.

Sisi tunacheza mtindo wa Pauper, yaani kadi zile za kawaida kabisa, zisizo adimu. Mtindo huu ulipata orodha moja rasmi ya kadi, za karatasi na za mtandaoni, mwaka 2019. Unatufaa sana watu wa mshahara wa kuunga unga, maana kuna kadi kama Volcanic Island ambayo moja tu inauzwa mamia ya dola, na kampuni iliahidi haitaichapa tena. Hata hizo za kawaida sisi tunachapa wenyewe. Karatasi moja ya A4 inaingia kadi tisa, deki na kadi zake za pembeni ni 75, kwa hiyo karatasi tisa. Unakata, unaweka mbele ya karata ya kawaida, unatumbukiza kwenye kimfuko cha plastiki. Mashindano rasmi hawazitaki. Barazani nani atakuuliza? Aliyeuliza ni dada wa steshenari tu, kama hizo picha ni za mganga.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mimi kazini nahesabu stoo, duka la jumla, Kariakoo. Najua kitu kimoja kuhusu bidhaa: haina maana iwepo kwenye daftari kama rafu imekauka. Kwenye Magic kila kadi ina gharama, unalipa kwa mana, na mana inatoka kwenye kadi za ardhi. Island inatoa bluu, Mountain inatoa nyekundu, na unashusha ardhi moja tu kwa zamu. Kuwa na kadi kali ya bluu mkononi huku mezani una Mountain mbili ni sawa na kwenda kwa Mangi na dola. Hela unayo, ila mkate hupati.

Kwa hiyo wakati wenzangu wanabishana kadi gani ni kali, mimi nilianza na ardhi. Nikaamua 18, maana nina kadi nyingi za bei ndogo na nyingine za kunichotea kadi mpya, kama Brainstorm na Ponder. Counterspell, ile ya kuzuia, inataka bluu mbili kwa mpigo. Lightning Bolt inataka nyekundu moja tu, inapiga 3. Hapo mzani ukalalia bluu: Island 7, Mountain 3.

Mountain 3 kati ya kadi 60! Nilipiga hesabu kwenye simu, nikiwa kwenye daladala: mikono ya kwanza kama 68 katika kila 100 haitakuwa na Mountain hata moja. Hapo ndipo zinapoingia Swiftwater Cliffs 4, zinazotoa rangi zote mbili, na Evolving Wilds 4, unazozitoa sadaka ili uvute ardhi unayoitaka. Zote zinakuchelewesha kidogo. Lakini vyanzo vya nyekundu vinakuwa 11, na ile 68 inashuka mpaka kama 22. Vya bluu vinakuwa 15, na kukosa bluu kabisa kunabaki kama 12. Hakuna anayepiga picha Evolving Wilds akaposti. Ni kadi ya hovyo kwa macho. Mimi naipenda kuliko moto wote niliomo nao.

Zilizobaki: viumbe 12, wakiongozwa na Delver of Secrets, na kadi 30 za uchawi. Delver anaanza mdogo, 1 kwa 1, ila kadi ya juu ya deki ikiwa ya uchawi anageuka mdudu arukaye, 3 kwa 2. Uchawi ukiwa nusu ya deki, ni kama kurusha shilingi kila zamu.

Nikacheza na kaka. Gemu ya kwanza alinifunga kihalali, sina la kusema. Ya pili alikwama na ardhi za kijani wakati mkono wote mweusi. Ya tatu yeye ana uhai 6, mimi 4, na mezani nina ardhi tatu tu: Island mbili na Swiftwater Cliffs. Akashusha jitu lake la kuzuia Delver. Island mbili, Counterspell. Akaniangalia. Zamu yangu, Delver 3, Bolt 3.

"Bahati," akasema.

Bahati ipo, sikatai, karata zimechangwa. Nikamwambia aniletee deki yake tuhesabu ardhi. Hakuleta. Ila soda alinunua, ndiyo sheria ya baraza, aliyefungwa ananunua.

Sasa hivi kichwa kinaniuma na zile kadi 15 za pembeni. Nilikuwa nimeweka Pyroblast mbili tu, zinazozima bluu kwa nyekundu moja, kwa sababu bluu nilikuwa naicheza peke yangu. Wiki hii wawili wamechapa Island. Mmoja wao kaniomba hesabu zangu za daladala, nimemtumia. Nimeongeza Pyroblast ya tatu.