Mkanda Usioonekana

Duniani kuna vitu ambavyo kazi yao ni kubwa na sura yao haionekani. Msingi wa nyumba ni kimoja cha vitu hivyo, na mzizi wa mti ni cha pili. Cha tatu, ambacho nataka kukusimulia habari zake, ni mkanda wa mpira, mwembamba kuliko kiganja chako, ukaao mbele ya injini ya gari ndani ya kifuniko, mahali ambapo dereva hauoni wala abiria hawajui kuwa upo. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Si fundi wa magari, wala sijidai kuwa fundi. Lakini mkanda huo ulinifundisha somo ambalo sikulipata katika chuo cha ualimu, na ada ya somo hilo nalilipa kwa fedha, kwa usingizi na kwa haya ya uso.

Marehemu baba yangu aliniachia vitu viwili: pikapu kuukuu ya dizeli, na daftari dogo lenye jalada jeusi. Pikapu niliipokea kwa mikono miwili. Daftari nikalitia sandukuni. Ndani ya daftari hilo baba alikuwa akiandika tarehe na kilometa za kila tengenezo: siku ya kubadili oili, siku ya kubadili breki, na siku ya kubadili mkanda wa taimingi. Mstari wa mwisho wa mkanda ulisema kilometa 212,000. Kufikia Desemba ya mwaka 2018 mita ya gari ilikuwa inaonyesha kilometa 317,000. Mtoto wa shule ya msingi aweza kutoa hesabu hiyo akapata 105,000. Mimi, mwalimu wa hesabu, sikuitoa, kwa kuwa daftari sikulifungua.

Wala siwezi kusema kwamba sikuonywa. Fundi mmoja mzee, ambaye gereji yake ni kivuli cha mwarobaini pale Wote, alikuwa ameinama siku moja juu ya injini yangu, akaniambia, "Mwalimu, mkanda huu ulibadilishwa lini? Naona oili inavuja hapa mbele, na oili ni adui wa mpira." Nalimjibu kwa adabu, "Mwezi ujao, mzee, nitakuletea gari." Nilikuwa na akiba ya shilingi 38,000. Mwezi huo ujao ulipofika nikaipaka pikapu rangi ya buluu inayong'aa, nikatia redio mpya na spika mbili. Watu waliisifu njiani, nami nikafurahi kama bwana arusi. Rangi huwa na wasifuji wengi. Mkanda hauna hata mmoja.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Jirani yetu mmoja, mama mjane, ana shamba la miembe. Makueni, kama ujuavyo, ni nchi ya maembe, na mavuno yake huangukia miezi ya Desemba na Januari, wakati ambapo wazazi wanatafuta karo. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya kuingia kidato cha kwanza mwezi wa Januari 2019. Mama huyo alinijia jioni, akasema, "Mwanangu, mnunuzi wa Machakos amekubali kreti 42. Nikizifikisha kesho asubuhi, karo imepatikana. Wewe una gari." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Tena nikaongeza neno ambalo hata leo likinijia moyoni huniumiza: "Gari langu sasa ni kama jipya."

Tulipakia usiku, nikaondoka kabla ya mapambazuko. Katika kilima kimoja cha njia ya Machakos, injini ilizimika ghafula, kama taa inavyozimika kwa pumzi moja. Haikukohoa, haikutoa moshi, haikulalamika. Nikatia breki, nikatia mawe nyuma ya magurudumu, nikajaribu kuwasha tena. Stata ilizunguka, lakini ilizunguka kwa wepesi wa ajabu, kama kinu kisicho na nafaka. Nikajaribu mara ya pili, na ya tatu. Baadaye nilikuja kujua kwamba wepesi ule ulikuwa ishara ya maafa, na kwamba kila jaribio langu lilikuwa ni kosa juu ya kosa.

Ili uelewe kilichotokea, yakupasa kujua kwanza kazi ya mkanda. Injini ya namna hii hufanya kazi kwa mapigo manne. Pistoni hushuka ikivuta hewa, hupanda ikiishindilia, hushuka ikisukumwa na nguvu ya moto, kisha hupanda ikiutoa moshi nje. Mjerumani Nikolaus Otto alifaulu kutengeneza injini ya mapigo manne mwaka 1876, naye Rudolf Diesel, mwaka 1897, akaonyesha injini isiyohitaji cheche, kwa sababu hewa iliyoshindiliwa mno hupata joto la kuwasha mafuta yenyewe. Juu ya kila pistoni katika gari langu kuna vali mbili: moja ni mlango wa kuingilia hewa, na ya pili ni mlango wa kutokea moshi. Milango hiyo haina budi kufunguka na kufungwa kwa wakati wake.

Pistoni huzungusha krenki iliyo chini, na vali hufunguliwa na kemishafti iliyo juu. Katika mapigo manne krenki huzunguka mara mbili, na kemishafti mara moja. Kwa hiyo, ikiwa gurudumu la krenki lina meno 24, la kemishafti lazima liwe na meno 48. Uwiano wa mbili kwa moja! Niliuandika ubaoni mara ngapi katika maisha yangu! Kinachoyaunganisha magurudumu hayo ni ule mkanda. Zamani kazi hiyo ilifanywa na minyororo na gia za chuma, na injini nyingi zingali nayo minyororo hata leo. Lakini mwaka 1962 kampuni ya Glas ya Ujerumani ilianza kutengeneza kwa wingi gari lililotumia mkanda wa mpira wenye meno, na wengine wakafuata. Mkanda hauna kelele na haudai oili. Aibu yake ni moja: mpira huzeeka. Ndiyo sababu watengenezaji wengi huweka kikomo cha umri wake, na kwa injini nyingi za dizeli kikomo hicho ni kilometa 100,000.

Fikiri, basi. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni hufika kileleni mara 50 kwa sekunde moja, na kila vali hufunguka mara 25. Katika injini ya dizeli nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni ndogo mno, maana bila udogo huo hewa haishindiliwi vya kutosha. Mkanda ukikatika, kemishafti husimama, na vali nyingine hubaki wazi, nazo pistoni zingali zinapanda. Mlango uko wazi, na nyundo inakuja. Hayo ndiyo yaliyotokea kilimani wakati mimi nilipokuwa nikisikiliza redio.

Lori moja lilinivuta kwa kamba hadi Wote. Maembe yalikaa juani siku ile na siku iliyofuata, kwa kuwa gari jingine la kuyachukua halikupatikana, na mnunuzi wa Machakos akajaza mahali pengine. Yalipoanza kulainika, mama alikaa chini ya mti akiyachambua moja moja, mazuri huku na mabovu kule. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu! Aliyauza kwa bei ya kutupa, na siku ya kuripoti shuleni ilipofika binti yake alikuwa angali nyumbani, sanduku lake jipya liko mlangoni.

Nalimwendea yule fundi mzee nikiwa nimeinamisha kichwa. Hakunikumbusha maneno yake. Aliniuliza tu, "Ulijaribu kuwasha mara ngapi?" Nikasema, "Tatu." Akatikisa kichwa, akanipa spana, akasema, "Shika. Utanisaidia, Mwalimu, ili ujue unachokilipia."

Tuliondoa nyaya za betri, tukamwaga maji ya rejeta, tukatoa feni. Bolti ya krenki ilikataa kulegea mpaka tulipotia bomba refu katika mkono wa spana tukaning'inia sote wawili. Tulipofungua kifuniko tuliukuta mkanda umekatika, umelowa oili, na meno yake mengi yamenyofoka. Gololi za kikaza mkanda zilikuwa zinakwaruza zikizungushwa kwa kidole. Kisha tukatoa hedi. Kati ya vali nane, tano zilikuwa zimepinda. Pistoni zilikuwa na alama za kugongwa, lakini zilikuwa nzima, na mzee akasema hiyo ndiyo bahati yangu.

Hedi ilipelekwa kwa mchonga vyuma akaipima kama imenyooka. Vali mpya zilipoletwa, mzee alinifundisha kuzisaga kwa dawa yake, vali moja moja, nikizizungusha kwa viganja hadi kila moja ilipokaa barabara katika kiti chake. Tukazijaribu kwa kumimina mafuta ya taa katika matundu yake: palipopenya hata tone, tukasaga tena. Gasketi mpya ikawekwa, na bolti za hedi zikakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo kwa zamu, ili chuma kisipinde. Sili zilizokuwa zinavuja zilibadilishwa, na kikaza mkanda vilevile. Mzee alisema, "Ukitia mkanda mpya juu ya sili mbovu, umemvisha mtoto nguo safi ukamketisha matopeni."

Hatimaye ikafika siku ya kuvisha mkanda. Kila gurudumu lina alama yake iliyochongwa, la krenki, la kemishafti na la pampu ya dizeli, na alama zote sharti zielekeane na alama za injini kabla mkanda haujavishwa. Mzee aliniachia kazi hiyo. Niliivisha kwa haraka. Jua lilikuwa linatua, na nilikuwa nimeahidi kwamba kesho yake nitampeleka yule binti shuleni. Mzee akatia spana katika bolti ya krenki, akaizungusha injini kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili. Akaniambia, "Tazama alama." Nikatazama. Ya krenki ilikuwa mahali pake, na ya pampu pia. Ya kemishafti ilikuwa imepita kidogo.

"Ni jino moja tu, mzee," nikasema. "Naamini itawaka."

Yule mzee aliweka spana chini. "Wewe ni mwalimu wa hesabu," akasema. "Jino moja ni kiasi gani?"

Nikapiga hesabu hapo hapo. Gurudumu la meno 48 lina digrii 360. Jino moja ni digrii 7 na nusu. Na kwa kuwa krenki huenda mara mbili, kwa krenki ni digrii 15. Vali zingefunguka na kufungwa pasipo wakati wake katika kila mzunguko, maelfu ya mara kila dakika. Jino moja halikuwa "tu". Nilinyamaza. Nikalegeza kikaza mkanda, nikaanza upya kwa mwanga wa tochi. Tukazungusha tena mizunguko miwili. Alama zote zikarudi mahali pake. Ndipo mzee aliporuhusu stata iguswe. Injini iliwaka katika jaribio la pili, nami, mtu mzima, nikalia machozi kama mtoto.

Matengenezo yale yalinigharimu zaidi ya mara sita ya bei ya mkanda. Redio na spika nikaziuza ili kumfidia mama sehemu ya hasara yake, na iliyobaki nikamlipa kwa mishahara ya miezi mitatu. Rangi, kwa bahati mbaya, haiuzwi. Binti alifika shuleni akiwa amechelewa siku tisa. Mimi ndiye niliyempeleka. Mama yake alikaa mbele pamoja nami, na kabla sijawasha gari akaniuliza kwa sauti ya upole, "Mwanangu, safari hii mkanda umeuangalia?" Nikamjibu, "Nimeuangalia, mama." Nikachomoa lile daftari jeusi la baba, nikamwonyesha mstari mpya chini ya mistari yake, kwa mwandiko wangu.

Msomaji, wewe ungali kijana, na pengine huna gari. Lakini una mambo yako yaliyofichika chini ya kifuniko: saa za kujisomea ambazo hapana azionaye, ahadi uliyoweka na mtu asiyeweza kukushurutisha, kosa dogo katika hatua ya kwanza ya hesabu ndefu. Hayo hayapigiwi makofi. Siku yakikatika, wewe ndiwe utakayejua kwanza, na aghalabu mwingine ndiye atakayeumia pamoja nawe. Fungua daftari lako mapema. Na mtu aliyekutangulia akikuambia kwamba oili inavuja, usimjibu kwamba ni mwezi ujao.